Sakafu ya Shilingi Kumi na Mbili

Nyinyi mnaokuja kwangu jioni na simu zenu, mkiniuliza kama mstari mliouchora ni wa kweli, nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeamua kuandika. Macho yangu hayazioni vizuri tena hizo simu, na mke wangu analalamika kwamba mnamaliza majani ya chai.

Aliyenichokoza ni Mwikali, binti wa jirani, yule anayefanya kazi kiwandani Athi River na kucheza na hisa wakati wa mapumziko. Juzi alinikuta nikichagua ndengu, akanisukumia simu puani.

"Mzee, angalia hapa. Hii ni saport, si ndiyo? Bei imeshuka, imeigusa, imeruka."

"Imegusa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi hiyo ni ajali. Hata mimi niliwahi kuanguka kwa ngazi ya kanisa mara moja. Hakuna mtu alikuja kuchora mstari."

"Lakini si mimi nimechora. Programu imechora yenyewe."

"Na wewe kazi yako ni gani? Kushika simu isianguke?"

Alicheka akaenda zake. Lakini nilikuwa nimeshamwona usoni: alikuwa amekwisha kununua. Mtu aliyekwisha kununua haulizi, anaomba akubaliwe. Kwa hiyo somo la kwanza ndilo hili, na silitozi chochote. Chora kabla hujanunua. Ukishanunua, jicho lako limekula hongo, na litaona sakafu hata mahali palipo na shimo.

Mimi sikufika chuo. Nilimaliza kidato cha nne na hesabu nzuri na Kiingereza kibaya, nikaajiriwa karani katika ofisi ya wakala wa broka wa hisa hapa Machakos mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilikaa humo mpaka ofisi ikafungwa. Maisha yangu yote ya kazi yalinukia dawa ya kupe. Mara moja makao makuu waliniita Nairobi, mshahara wa maana, meza karibu na dirisha. Nikafunga sanduku, nikaaga watu, nikafika pale Kyumvi ambapo barabara yetu inaingia kwa ile kubwa. Nikatazama malori yakipita. Nikakumbuka kwamba jikoni kulibaki muthokoi wa jana. Nikarudi. Niliwaandikia kwamba nimeugua, na haikuwa uwongo mtupu, kwa sababu tumbo langu lilikuwa limekataa kweli.

Nawaambia haya ili mjue mnayemsikiliza. Kama mnataka mtu aliyeona dunia, mmekosa nyumba.

Sasa, hivyo mnavyoita saport na rizistansi, sisi ofisini tuliviita sakafu na dari. Sakafu ni pale ambapo bei ikishuka inafika inakataa kwenda chini zaidi, kwa sababu hapo kuna watu wanangoja kununua. Dari ni pale ambapo ikipanda inagonga kichwa, kwa sababu hapo kuna watu wanangoja kuuza. Basi. Mengine yote mnayoyasoma kwa simu ni mapambo.

Aliyenifundisha ni Madam Ndinda, meneja wetu, mwanamke mfupi aliyevaa sweta hata Februari. Alikuwa na desturi ambayo sikuiona ofisi nyingine yoyote. Ukuta mzima nyuma ya kaunta ulikuwa umebandikwa karatasi za grafu, zile za wanafunzi, zimeunganishwa kwa gundi, kila kampuni na ukanda wake. Soko likifungwa, simu inatoka Nairobi, nasomewa bei za kufunga siku, naweka nukta. Kesho nukta nyingine. Kompyuta ilipokuja, Madam aliiwekea kitambaa cha kushona kwa mkono kama redio ya bibi harusi, akaendelea na ukuta wake.

Siku yangu ya kwanza alinipa kampuni moja nimtafutie sakafu. Nikachonga penseli mpaka ingeweza kumdunga mtu sindano, nikachukua rula, nikapiga mstari chini ya nukta mbili tatu. Nilijiona mhandisi.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Sakafu, Madam."

"Hii ni kamba ya kuanika nguo. Sasa bei itasimama juu ya kamba?"

Akafungua droo, akatoa penseli ya fundi wa mbao, ile bapa. "Chora na upande mpana."

Nikachora. Ikatoka kama mkanda, nene, ya kijivu, na nukta zangu zingine zikazama ndani yake. Akaniambia wanunuzi ni watu. Mmoja anangoja kwa shilingi kamili, mwingine anaongeza senti ili awahi, mwingine amechelewa kuamka na anachukua kitakachobaki. Wakijumlishwa hawafanyi mstari, wanafanya mkanda. Bei inaweza kuingia kwenye mkanda, ikachafuka kidogo, ikatoka. Haijavunja kitu. Nyinyi mnaokimbia kuuza kwa sababu bei imepita mstari wenu kwa senti tano, mnamkimbia panya ndani ya nyumba yenu wenyewe.

"Sasa toka nje," akasema. "Rudi usimame mlangoni. Unaiona?"

"Kidogo, Madam."

"Kidogo si kuona. Futa."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Sakafu ambayo haikuonekana kutoka mlangoni ilikuwa haipo, na niliifuta. Nilifuta sana. Kuna karatasi pale ukutani zilikuwa nyembamba kwa kufutwa hadi ukuta ukachungulia.

Alinifundisha kuangalia miguso iliyoachana, kwa sababu bei ikigusa mahali mara nyingi ndani ya wiki moja hiyo ni kelele tu, lakini ikirudi baada ya msimu mzima na kukuta watu bado wanangoja palepale, hao ni wanunuzi wa kweli. Alinifundisha kuangalia ni hisa ngapi zimebadilisha mikono. Kama bei imeshuka kwa sababu mtu mmoja ameuza hisa zenye thamani ya kilo moja ya sukari, hiyo nukta iweke kwa adabu lakini usiiamini. Na alinifundisha kusoma tangazo la kampuni kabla ya kupiga kelele. Hilo nililijua kwa aibu.

Nilikuwa nimeenda likizo, ambayo niliimaliza kitandani kama ilivyo kawaida yangu. Siku ya kurudi nikapokea bei za asubuhi, nikakuta kampuni moja kubwa imeshuka hadi nusu. Nusu. Wateja walikuwa kaunta. Nikatangaza, kwa sauti ya mtu wa redio, kwamba sakafu imevunjika. Mama mmoja wa kuuza nyanya akaketi chini palepale, kikapu na yeye.

Madam Ndinda akatoka chumbani kwake. "Kampuni imegawanya hisa. Aliyekuwa na moja sasa ako na mbili. Ukikata chapati katikati imepungua?"

"Hapana, Madam."

"Mwinue mama. Halafu umnunulie soda. Na mimi pia."

Nikanunua soda mbili. Tangu siku hiyo, nikiona bei imeanguka kama jiwe, kwanza nauliza kama kuna aliyekata chapati.

Madam alistaafu, akaenda kwao kulima, na hakulima sana kabla hajazikwa. Mazishini walimsifu kwa kwaya na kwa chama cha akina mama. Hakuna aliyetaja ukuta. Nilikuwa nimesimama nyuma, na nilikuwa na la kusema, lakini mimi si mtu wa kushika maikrofoni. Nikarudi ofisini nikaweka nukta za siku hiyo.

Ninayotaka kuwaambia hasa hayakutoka kwake. Yalikuja alipokuwa ameshaondoka, na ndiyo sababu siamini sakafu yoyote mpaka nimejiuliza ni nani anaishikilia.

Kulikuwa na kampuni ya misumari na waya. Msiitafute, haipo tena sokoni. Ilikuwa kampuni ndogo, hisa zake zilinunuliwa kwa nadra, lakini sakafu yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Shilingi kumi na mbili. Ungeiona kutoka mlangoni, ungeiona kutoka kwenye ngazi, nadhani hata mwenye dawa za kupe chini aliihisi. Ukame ulikuja, uchaguzi ukaja na fujo zake, soko lote likainama, na misumari ikashuka hadi kumi na mbili, ikasimama. Wageni walipokuja nilikuwa nawaonyesha kama mtu anavyoonyesha mtoto aliyepita mtihani.

Mwenye hisa hizo kwa wingi kidogo, kati ya wateja wangu, alikuwa Mwalimu Nzioka wa Kola. Alikuwa amenifundisha hesabu shule ya msingi, na hata baada ya kustaafu hakuacha kunisahihisha jinsi ninavyoandika saba. Alizinunua hisa zake pole pole katika miaka yake yote ya chaki. Na sasa alikuwa na jambo moja tu alilozitakia.

Shamba la baba yao pale Kola liligawanywa kati yake na ndugu yake, Kimeu. Mpimaji alipokuja, mke wa Mwalimu alikuwa ameshazikwa, upande wa chini wa matuta ya kuzuia maji aliyoyachimba mwenyewe kwa jembe. Mpimaji akavuta utepe wake, akapigilia vigingi, na kaburi likaangukia upande wa Kimeu kwa hatua chache. Wakati huo hakuna aliyejali. Walikuwa ndugu, walikula sahani moja. Kisha Kimeu akataka kuhamia Lukenya kufanya biashara ya mawe ya kujengea, na akasema atauza upande wake.

Mwalimu akamwomba amuuzie yeye, ili kaburi lirudi kwake. Kimeu akakubali, wakapatana. Kwa shilingi kumi na mbili, hisa za Mwalimu zilitosha, na kikabaki cha nauli. Kimeu alitaka kitu kimoja tu, avune mbaazi zake kwanza, halafu waende bodi ya ardhi. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na msimu mmoja wa kungoja.

Nilimwambia auze mara moja aweke pesa benki. Akaniangalia kama nimesema saba mara nane ni sitini.

"Wewe unakaa mjini," akasema. "Mimi niko Kola. Nikiwa na pesa benki, kufika Jumapili kanisa yote inajua. Kuna paa. Kuna karo ya wajukuu wa dada yangu. Kuna harambee ya mtu hata sijui ni wa nani. Na mimi nikiulizwa mbele ya watu siwezi kudanganya. Saa hii nikiulizwa nasema sina pesa, niko na misumari. Na hakuna siku mtu ameniomba msumari."

Mnacheka, lakini nusu ya wateja wetu walikuwa hivyo. Hawakununua hisa ili watajirike. Walinunua ili waseme hawana na iwe kweli.

"Na bei ikianguka, Mwalimu?"

Akageuka, akautazama ukuta. "Si wewe ndiyo ulichora hiyo kitu? Itaanguka?"

"Haijawahi."

"Sijakuuliza kama imewahi. Nimekuuliza kama itaanguka."

"Hiyo sasa si hesabu, Mwalimu."

"Kila kitu ni hesabu. Ni vile wewe ulipata alama ya chini."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi akicheka peke yake. Msimu ukaendelea. Mbaazi zikatoa maua.

Mteja mwingine alikuwa Mzee Wambua wa Ndithini. Huyo hakumjua Mwalimu, na Mwalimu hakumjua. Alikuwa mkulima, mrefu, mwenye viatu vya mpira, na kila oda yake ilipoisha muda alikuja kuiandika upya: anunuliwe misumari kwa kumi na mbili. Si kumi na mbili na senti. Kumi na mbili. Akiuza ndengu, misumari. Akiuza ng'ombe dume, misumari. Nilimtania siku moja kwamba akiongeza senti hamsini tu atapata zote kwa mpigo.

"Mara ya kwanza nililipa kumi na mbili," akasema. "Sasa nilipe zaidi yangu mwenyewe, kwani mimi ni mjinga kuliko yule wa mwaka ule?"

Nikaandika kumi na mbili. Jioni nikageuka ukutani nikaweka nukta, nikafurahia jinsi sakafu inavyoshika. Mkono uleule, penseli ileile. Ofisi nzima ilikuwa inaijivunia hivyo, na wakaguzi kutoka Nairobi walikuja wakaisifu sakafu, wakanywa chai, wakaenda.

Asubuhi moja, mbaazi za Kimeu zikiwa zimekauka shambani, Mzee Wambua alipanda ngazi na binti yake amemshika mkono. Shati lilikuwa lake lakini aliyelivaa alikuwa amepungua. Akakaa, akapumua kwanza.

"Karani. Ile oda yangu, toa."

"Tupunguze, Mzee?"

"Toa. Na zile ziko zote, uza."

"Zote?"

"Daktari amenieleza vizuri, na mimi nimemwelewa. Nataka kuwagawia watoto nikiwa naona. Nimeona watu wakishikana mashati kando ya kaburi, mchanga bado uko na maji. Kwangu sitaki hiyo."

Nilikuwa nimezoea watu wanaouza kwa hofu, nao nilijua kuwatuliza. Huyu hakuwa na hofu yoyote.

"Basi tuuze kidogo kidogo," nikamwambia. "Hii kampuni haina wanunuzi wengi. Tukizimwaga zote, utapata bei mbaya."

"Kidogo kidogo mpaka lini?"

"Miezi kadhaa hivi."

Binti akageuka kutazama dirishani. Mzee akanyoosha mgongo kwenye kiti.

"Karani, hebu niangalie vizuri."

Nikamwangalia. Kisha nikaanza kuandika oda. Nilipoandika idadi ya hisa zake, mkono ulisimama, kwa sababu sikuwa nimewahi kuzijumlisha. Niliinua macho nikautazama ukuta, ule mkanda wa kijivu niliojivunia miaka yote, nikaona kila mguso ni safari moja ya mtu kutoka Ndithini. Msimu wa ndengu, mguso. Mwaka wa ng'ombe dume, mguso. Hapakuwa na kundi la wanunuzi linalongoja kwa kumi na mbili. Alikuwepo mzee mmoja mwenye viatu vya mpira asiyetaka kulipa zaidi yake mwenyewe, na sasa alikuwa ameketi mbele yangu akitaka kuondoka.

Simu ilikuwa mezani. Namba ya Mwalimu niliijua kwa kichwa.

Nataka mfikirie hapa pamoja nami, msikimbilie jibu. Madam Ndinda alitania juu ya kila kitu, lakini kulikuwa na jambo moja alilolisema bila kutabasamu: oda ya mteja ni siri ya mteja, na aliyefika kwanza anauziwa kwanza. Ningempigia Mwalimu, angesema uza, na angeuza kabla ya Mzee Wambua. Chini ya kumi na mbili kulikuwa na wanunuzi wachache, wa kuokota okota. Mwalimu angewachukua hao wote, angepata kitu cha kumpelekea Kimeu. Na huyu aliyekuwa mbele yangu angebaki na maganda ya kuwagawia watoto wake, kwa sababu tu karani alikuwa na mwalimu wake wa zamani. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa na tamaa. Wote wawili walikuwa wanajaribu kupanga mambo ya kaburi.

Nilimwagizia Mzee chai. Nikatoka nikasimama kwenye ngazi, nikanusa dawa ya kupe. Nikarudi nikaipeleka oda.

Bei ilianguka siku hiyo na ikaendelea siku zilizofuata. Hampaswi kushangaa sakafu kubwa ikivunjika kwa vishindo. Kadiri ilivyokaa muda mrefu, ndivyo watu wengi walivyoweka mizigo yao juu yake, na wote hushtuka pamoja. Waliokuwa hawana haja ya kuuza nao wakauza. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kuna nini, nikamweleza bila majina.

"Lakini ulifanya kazi yako?"

"Nilifanya."

"Basi kula."

Nikala. Nawaambia ukweli, nilikula chote.

Mwalimu alikuja wiki ile. Hakuingia, alisimama mlangoni, pale Madam alipokuwa akinisimamisha mimi.

"Imekuwaje?"

"Kuna mtu ameuza, Mwalimu."

"Watu wangapi?"

"Mmoja."

Akauangalia ule mkanda wa kijivu. "Miaka hiyo yote nilidhani ni soko."

"Hata mimi."

"Itarudi?"

"Inaweza. Siwezi kukuambia lini."

"Kimeu ameanza kuvuna," akasema, na akashuka ngazi akishika ukuta.

Kimeu hakuwa mtu mbaya, msije mkamfanya adui. Aliongeza muda. Akaongeza tena. Lakini kulikuwa na mtu kutoka nje aliyekuja kila mara na pesa taslimu na gari safi, na Lukenya pia haikuwa inangoja. Akauza. Mwenye shamba mpya akazungushia nguzo na waya. Sijui kama waya ulitoka kwa kampuni yetu, na sikutaka kujua. Alimruhusu Mwalimu kutembelea kaburi wakati wowote, ila apige simu kwanza kwa sababu ya mbwa.

Mzee Wambua alizikwa kabla ya mvua. Nilisikia watoto wake walikaa meza moja, hakuna aliyeinua sauti. Nilifurahi, halafu nikakasirika kwa kufurahi.

Sasa mnataka kujua jinsi ya kuepuka. Programu zenu haziwezi kuwaambia ni nani yuko chini ya mstari. Lakini angalieni idadi ya hisa kila inapogusa. Kama miguso yote inafanana kama imepimwa kwa kikombe kimoja, kuna mkono mmoja. Kama inakuja baada ya mavuno tu, kuna mkulima. Kama hisa zinazouzwa kwa siku hazijazi kiganja, msiite hiyo sakafu hata kama imechorwa kwa rangi ya dhahabu. Na kama kuna kitu mnachokihitaji kwa tarehe fulani, karo, shamba, hospitali, msikiweke juu ya mkanda wa penseli. Sokoni acheni kile ambacho kinaweza kuchelewa. Mwalimu alikuwa na hofu ya kuombwa, na hofu hiyo ilimgharimu kuliko maombi yote ya Kola yangemgharimu. Lakini hilo sikumwambia, na nyinyi msiwaambie wazazi wenu.

Misumari ilikaa chini muda mrefu. Kisha kampuni ikapata kazi ya maana ya ujenzi, na bei ikaanza kupanda pole pole, nami nikaweka nukta nikiwa peke yangu ofisini, maana wateja walikuwa wamehamia kwenye simu. Jueni hili pia: sakafu ikivunjika, bei ikirudi pale, hugonga kichwa. Inakuwa dari. Si uchawi. Ni kwamba pale kuna watu waliokwama, na kila mmoja amekuwa akijiambia kwamba nikirudishiwa yangu tu, ninatoka.

Bei ilipokaribia kumi na mbili, Mwalimu akapanda ngazi. Alipumzika mara kadhaa njiani, nilimsikia. Safari hii aliingia, akaketi.

"Uza zote."

"Tuweke chini kidogo ya kumi na mbili, Mwalimu. Kwa kumi na mbili kamili kuna foleni ya watu kama wewe."

"Weka unavyoona."

Nikaandika. Alikuwa ananitazama mkono, na mara hii hakuisema ile saba.

"Ile asubuhi," akasema, "ulijua kabla yangu."

"Nilijua."

"Ungenipigia simu, yule mwingine angepata nini?"

"Kidogo sana."

"Alikuwa na watoto?"

"Alikuwa nao."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya akisahihisha daftari la mwanafunzi aliyemtarajia akosee, akakuta amepata. "Hesabu yako ni sawa," akasema.

Nikamuuliza pesa atazifanyia nini sasa, nikajuta kuuliza.

"Sementi na mawe. Nataka kaburi langu lijengwe mapema, upande wangu, karibu na ua kabisa. Fundi amekuja kupima. Ukitoa waya, hakuna kitu katikati yetu."

Hisa zake ziliuzwa zote mchana huo. Siku iliyofuata bei iligusa kumi na mbili, ikachungulia, ikageuka, na haikurudi tena hapo mpaka kampuni ilipoondolewa sokoni. Katika miaka yangu yote kazini sikumwona mteja mwingine aliyeuza vizuri namna hiyo. Nilimpigia simu Kola kumwambia. Alinishukuru, kisha akaniuliza kama najua mchanga wa mto unauzwaje siku hizi, nami nikamwambia umepanda.